Kipa Mmoja, Mabao Mawili, Kumbukumbu Tatu

Katika miaka ishirini ya kudaka mipira, Edwin van der Sar alifungwa na wengi, na mengi ya mabao hayo hakuna anayeyatafuta tena. Mawili yamegoma kuzeeka. La kwanza alifungwa Turin tarehe 6 Mei 2001, akiwa kipa wa Juventus; mfungaji alikuwa Hidetoshi Nakata wa Roma. La pili alifungwa Glasgow tarehe 21 Novemba 2006, akiwa na Manchester United. Mfungaji alikuwa Shunsuke Nakamura wa Celtic. Wafungaji wote wawili ni Wajapani, wote walikuwa viungo, na wote wamekwisha kutundika daluga: Nakata mwaka 2006, Nakamura mwaka 2022. Hata hivyo video za mabao hayo bado zinazunguka mitandaoni, na watazamaji wake wamo pia vijana ambao mwaka 2001 walikuwa hawajazaliwa.

Maelezo mepesi ni kwamba intaneti ndiyo iliyowapa wastaafu hawa uhai wa pili. Sikubaliani nayo. Intaneti ilifungua mlango tu. Aliyeingia ni desturi ya kukumbuka ambayo kila jamii ilikuwa nayo tangu zamani. Mjapani, Mwitalia na Mskoti wanaweza kutazama sekunde zilezile thelathini na kila mmoja akaona jambo lake: mmoja anaona mtu aliyejua kuondoka, wa pili anaona kesi ambayo haijaisha, wa tatu anasikia wimbo. Nia yangu ni kuzilinganisha kumbukumbu hizo tatu, kisha niseme ipi inamtendea haki mstaafu.

Tuanze na Japani. Huko, picha ya Nakata inayotazamwa sana si ya bao. Ni ya tarehe 22 Juni 2006 mjini Dortmund. Japani imefungwa na Brazil 4–1 na kutolewa katika Kombe la Dunia. Wachezaji wanaondoka uwanjani, lakini Nakata amelala chali katikati ya duara, jezi ya Brazil aliyobadilishana ikiwa usoni, na anabaki hapo dakika nyingi. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 3 Julai, aliandika katika tovuti yake binafsi, nakata.net, kwamba anastaafu. Alikuwa na miaka 29. Aliyafananisha maisha na safari, na akafichua kwamba uamuzi huo aliufikia nusu mwaka kabla ya mashindano. Hakuita waandishi wa habari, wala hapakuwa na meza ya vipaza sauti na maua.

Tovuti ile ilikuwa na historia yake. Ilianza mwaka 1998, wakati wanasoka wengi duniani hawakuwa hata na anwani ya barua pepe. Mwanzoni mwa mwaka huo gazeti moja kubwa lilichapisha maneno aliyoyasema kuhusu wimbo wa taifa wa Japani, ambayo hayakuwa ya kuusifu, na watu wa mrengo wa kulia wakamwandama kwa vitisho. Tangu hapo akaamua kuongea na mashabiki bila mkalimani. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya mitandao ya kijamii kumfundisha kila mchezaji kujitangaza, Nakata alikuwa ameshika mwenyewe mpini wa habari zake, na siku ya kuondoka alitumia mpini huohuo.

Mgeni anaweza kuuona mtindo huo kuwa ubaridi, au hata kiburi. Kwa Mjapani, kuondoka ni sanaa yenye kanuni zake. Mwanamieleka wa sumo anapostaafu hufanyiwa sherehe ya kukatwa nywele katika ukumbi wa Ryogoku jijini Tokyo. Anakaa kwenye kiti katikati ya ulingo, amevaa rasmi, na wageni waalikwa, ambao wanaweza kufika mamia, wanapanda mmoja mmoja, kila mmoja akikata nywele chache kwa mkasi uliopakwa dhahabu. Mkato wa mwisho ni wa mkuu wa kambi yake, naye huondoka na fundo lote mkononi. Hakuho, bingwa mwenye mataji 45, alifanyiwa hivyo Januari 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutangaza kustaafu. Nywele zikishakatwa, hakuna kurudi ulingoni.

Nje ya michezo pia mfano upo. Tarehe 5 Oktoba 1980, mwimbaji Momoe Yamaguchi, akiwa na miaka 21 na akiwa kileleni, alimaliza onyesho lake katika ukumbi wa Budokan, akalaza kipaza sauti cheupe chini jukwaani, akaondoka kwenda kuolewa. Hakurudi tena jukwaani. Mwigizaji Setsuko Hara aliiacha sinema mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaishi Kamakura bila kutoa mahojiano, na alipofariki Septemba 2015 umma haukujua mpaka Novemba. Na nyuma yao wote wamo washairi: Saigyo, mlinzi wa nyumba ya kifalme aliyeacha cheo mwaka 1140 akiwa kijana, akawa mtawa wa kutangatanga, na Basho, aliyetoka Edo mwaka 1689 kwa miguu kuelekea kaskazini. Msomaji wa Kijapani akikutana na mwanasoka aliyeacha fedha za Ulaya akiwa na miaka 29 ili asafiri, na aliyeaga kwa kuandika juu ya safari, hahitaji kuelezwa. Anakijua kisa hicho tangu darasani.

Ndiyo maana umaarufu wa Nakata nchini mwake umezidi kupanda kadiri anavyojinyima. Baada ya kuzunguka nchi nyingi za dunia alirudi na kuanza kuizunguka Japani yenyewe, mikoa yote 47, akiwatembelea wafinyanzi, wakulima na wapika sake. Leo anajulikana pia kama mtu wa sake: ana kampuni inayoishughulikia, na tangu mwaka 2016 huandaa tamasha la sake Roppongi, Tokyo. Mpira anauzungumzia mara chache. Akiuzungumzia, kila neno husambaa, kwa kuwa ni adimu.

Sasa twende Italia. Huko Nakata yuleyule ni mtu mwingine kabisa. Alifika Perugia baada ya Kombe la Dunia la 1998, akanunuliwa na rais wa klabu, Luciano Gaucci, mfanyabiashara mwenye makeke. Wengi waliona ni ujanja wa kuuza jezi. Tarehe 13 Septemba 1998, katika mechi yake ya kwanza ya ligi, Perugia iliikaribisha Juventus. Juventus ilishinda 4–3, lakini mabao mawili ya Perugia yalikuwa ya Nakata, na minong'ono ya jezi ikapungua. Jezi zenyewe ziliuzwa kweli, na watalii wa Kijapani wakajaa katika mji ule wa mlimani.

Mwitalia anamkumbuka Nakata ndani ya enzi. Miaka ya 1990 ligi ya Italia ilikuwa ndiyo dunia: Ronaldo, Zidane, Batistuta na Weah wote walikuwa huko. Leo enzi hiyo imepita, na mitandaoni kuna bahari ya kurasa zinazoiomboleza kwa picha za jezi pana na viwanja vya zege. Kampuni ya Panini ya Modena imewafundisha Waitalia tangu mwaka 1961 kumkumbuka mchezaji kama kipande kimoja cha albamu, na albamu haijai kwa stika moja. Nakata hapo hasimami peke yake. Yupo kwa sababu ukurasa wa Perugia au wa Roma ungebaki na pengo bila yeye.

Lakini Mwitalia hakumbuki tu. Anabishana, na bao la Turin limeumbwa kwa ubishi. Msimu ule Roma na Juventus zilikuwa zikiwania ubingwa. Kanuni ya shirikisho ilizuia idadi ya wachezaji wasio raia wa Umoja wa Ulaya ambao timu ingeweza kuwatumia katika mechi, na Nakata mara nyingi ndiye aliyeachwa nje. Siku chache kabla ya mechi ile, kanuni ikafutwa. Juventus ilipata mabao mawili ndani ya dakika kumi za mwanzo, kupitia Del Piero na Zidane. Kipindi cha pili kocha Fabio Capello akamtoa Francesco Totti, nahodha na kipenzi cha jiji, akamwingiza Nakata. Dakika ya 79 Mjapani huyo akaachia shuti la mbali likatua juu wavuni. Dakika za mwisho akapiga tena. Van der Sar akautema mpira, Vincenzo Montella akaumalizia. Ngoma ikaisha 2–2, na mwezi uliofuata Roma ikatwaa ubingwa.

Ukisoma maoni ya Waitalia chini ya video hiyo, mpira wenyewe huupati mbali na mashauri. Je, ilikuwa haki kubadili kanuni ligi ikiwa ukingoni? Kumtoa Totti kulikuwa ujasiri au kamari? Mshabiki wa Juventus hajakubali mpaka leo, na wa Roma hamruhusu anyamaze. Huu ni utamaduni wa baa ya mtaani, ambako wazee husimama na kikombe cha kahawa na gazeti la michezo lililokunjwa, wakiirudia mechi ya Jumapili hadi Ijumaa. Umehamia kwenye simu tu. Ndani yake bao la Nakata halina utakatifu wowote: ni ushahidi mezani, na kila upande unautumia.

Glasgow ni habari nyingine tena. Celtic ilianzishwa mwaka 1887 katika mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Ireland, na tangu hapo kumbukumbu yake kubwa ni sauti. Historia ya klabu huimbwa kabla ya kusomwa. Nakamura alitua hapo mwaka 2005, mtu mpole, mwembamba, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, akavaa jezi namba 25. Usiku ule wa Novemba 2006 hesabu zilikuwa wazi: ushindi ungeipeleka Celtic hatua ya 16 bora ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Dakika ya 81 ikapatikana adhabu, mbali na lango. Nakamura akachukua hatua chache, mpira ukapaa juu ya ukuta ukajipinda hadi pembe ya juu. Van der Sar akaruka bila kuufikia. Kabla ya filimbi ya mwisho United ikapata penalti, na kipa Artur Boruc akaipangua ya Louis Saha. 1–0.

Hapa pana jambo la kutazama kwa karibu. Miezi miwili kabla, Old Trafford, Nakamura alikwisha kumfunga kipa huyohuyo kwa mguu uleule na kwa adhabu pia. Kwa ufundi, mabao hayo ni ndugu wa tumbo moja. Lakini Septemba ile Celtic ililala 3–2, ugenini. Bao la Old Trafford ni la wajuzi. La Celtic Park ni la kila mtu, hata la mtoto aliyelisikia kwa babake. Kumbukumbu ya wimbo haipimi ufundi. Inauliza tu: tulikuwepo wangapi, na tulipiga kelele kiasi gani?

Wimbo wenyewe unatufunulia zaidi. Mashabiki walimtungia Nakamura maneno kwa tuni ya wimbo maarufu wa msimu wa Krismasi, na ndani yake wakamlisha tambi za Kichina na kumfanya mpiga kura wa chama cha kizalendo cha Ireland. Mtu wa Yokohama hakuhusika na lolote kati ya hayo. Ni mzaha wa mapenzi, lakini uangalie unachofanya: unamnyang'anya mtu kwao na kumpa kwenu. Tangu mwaka 2021, kocha Ange Postecoglou alipoanza kuleta kundi jipya la Wajapani, akina Kyogo Furuhashi, Reo Hatate na Daizen Maeda, jina la Nakamura likawa kipimo. Kila adhabu iliyopigwa ovyo humrudisha mtandaoni, bila yeye kuandika herufi moja.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba siku hizi kuna shabiki wa namna ya nne, asiye na Tokyo, Roma wala Glasgow. Kijana anayeletewa video na mashine ya mtandao, akatazama, akapenda, akapita. Huyo ana desturi gani? Nadhani anayo, ila haitoki uwanjani. Mwaka 1981 Yoichi Takahashi alianza kuchora hadithi ya Tsubasa, mtoto mwenye kipaji cha mpira. Kizazi cha Nakata kilikua nayo. Ilipogeuzwa katuni ya Kiarabu, shujaa akaitwa Kapteni Majid, akaingia katika sebule za Ghuba yote, Muscat ikiwemo, ambako familia nyingi zilizotoka Zanzibar bado zinaongea Kiswahili nyumbani huku watoto wakitazama televisheni kwa Kiarabu. Kwa watoto hao Mjapani hodari wa mpira hakuwa ajabu ya Perugia. Walimjua kwenye katuni kabla ya kumwona Nakata, na mchezaji wa kweli alipotokea walimpima kwa wa kuchorwa. Hata shabiki anayedhani hana mizizi, basi, hutazama kwa macho aliyopewa na hadithi fulani.

Tukiziweka kumbukumbu hizi bega kwa bega, tunaona kwamba kila moja hukumbuka kwa kukata. Japani inakata kelele. Katika picha ya Dortmund mashabiki wanaona upweke wa shujaa, lakini magazeti ya wakati ule yaliandika sana juu ya umbali kati ya Nakata na baadhi ya wenzake, na timu ile ilimaliza kundi ikiwa na pointi moja. Uzuri wa kuondoka umefunika ubaya wa mashindano yenyewe. Glasgow inakata yaliyofuata. Miezi michache baadaye Celtic ilitolewa na Milan kwa bao la Kaká katika muda wa nyongeza, na wimbo haujui hilo. Tena unamkata Nakamura wa nyumbani: mchezaji bora wa ligi ya Japani mwaka 2000 na mara nyingine mwaka 2013 akiwa na miaka 35, aliyecheza mpaka miaka 44, na ambaye wenzake walimfanyia mechi ya kumuaga Yokohama Desemba 2023. Kwa Japani yeye ni mfano wa kudumu, kinyume cha Nakata. Kwa Glasgow ni dakika ya 81.

Italia nayo hukata: inasahau kwamba Nakata aliondoka Roma kwa sababu ya benchi, na kwamba Parma, Bologna na Fiorentina hazikumpa tena Perugia ya pili. Hata hivyo kuna kitu kimoja isichokikata, nacho ni mpinzani. Katika video ya Dortmund Brazil ni kivuli. Katika wimbo wa Celtic Park, United ipo ili ifungwe. Katika ubishi wa Waitalia, Juventus ina sauti, kanuni ina watetezi, Totti ana waliomhurumia, na kipa ana wanaosema kwamba shuti lile la pili lilistahili kudakwa. Ubishi unachosha, na mara nyingi hauna adabu. Lakini ndio pekee unaomlazimisha mpenzi wa Nakata kueleza kwa nini anampenda, na ndio unaoiweka mechi nzima mezani badala ya sekunde thelathini.

Kwa hiyo, nikiulizwa ipi kati ya desturi hizi inamtendea haki mstaafu, jibu langu haliendi kwa inayompenda zaidi. Glasgow inapenda kupita wote, lakini imemgeuza mtu kuwa kibwagizo. Japani inaheshimu, lakini heshima yake imemwachia Nakata aandike peke yake ukurasa wa mwisho, na kila mtu akijiandikia ukurasa wa mwisho hatuna historia, tuna wasia. Baa ya Kiitaliano haina upole wa ile wala utulivu wa hii, lakini inakumbuka kwa ushahidi, na mstaafu anabaki mchezaji: aliyewekwa benchi, aliyeingia, aliyefunga, anayebishaniwa.

Mtihani wa hoja hii uko njiani. Mwaka 2024 alistaafu Shinji Okazaki, mshambuliaji aliyekuwa bingwa wa Uingereza na Leicester City mwaka 2016. Mitandaoni anaishi kwa tikitaka moja aliyoifunga Newcastle mwezi Machi mwaka huo. Lakini katika msimu mzima wa ligi alifunga mabao matano tu. Kazi yake hasa ilikuwa kukimbia: kuwakaba mabeki, kuwapora viungo nafasi ya kupumua, kuchoka ili Jamie Vardy na Riyad Mahrez wafunge. Mbio za namna hiyo hazina video fupi, haziimbiki, wala hazina muda mzuri wa kuagia. Atakayetaka kumkumbuka Okazaki sawasawa itabidi atazame dakika tisini, kisha awe tayari kumtetea mbele ya mtu atakayeuliza: mshambuliaji wa mabao matano, ubingwa aliuchangia nini?